Kuku Wavaa Suruali

Ieleweke kwa wote, wa karibu na wa mbali, kwamba Tume ya Familia ya Kuteua Kuku iliketi Jumamosi saa nne asubuhi, ikiwa na wajumbe wanne na mamlaka kamili. Iliketi juu ya ndoo na magunia, maana viti vilikuwa vimepakwa rangi jana yake na havijakauka.

Mwenyekiti alikuwa Baba, seremala. Kumbukumbu ziliandikwa na binti yake, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni na ambaye nyumbani wote humwita Karani.

"Ajenda ni moja," Baba alisema. "Banda limekwisha. Lina nafasi ya kuku sita. Tunaweka wa aina gani?"

"Weupe," alisema Mama. "Wale wanataga kila siku ya Mungu."

Karani aliacha kuandika. Mwaka jana walikuwa nao weupe sita. Baridi ya huku kwao msituni ilipofika na maji kuganda ndooni, zile panga zao ndefu za nyama nyekundu kichwani ziligeuka nyeusi, na mmoja baada ya mwingine wakaisha. Yeye ndiye aliyemkuta wa mwisho. Alimfunika kwa sweta lake la shule. Haikusaidia.

"Mimi nasema wanene," alisema. "Wana manyoya hadi vidoleni, utadhani wamevaa suruali. Upanga wao mdogo kama punje ya njegere. Baridi itashika wapi?"

"Wanataga yai moja," Mama alijibu, "kisha wanapumzika kama waliojenga daraja."

Bibi, mama yake Baba, alikuwa akimenya viazi. "Mbona mnabishana na kuku hawajaulizwa?"

Basi jirani mfugaji akawaazima wawili wa kila aina kwa wiki moja. Watakaotaga zaidi, ndio watakaonunuliwa. Karani alipewa kazi ya kuokota mayai kwa kuwa ni mwaminifu. Uamuzi huo ulipita bila kupingwa.

Siku ya tatu wanene waliongoza. Siku ya tano Karani aliingia jikoni na mayai manne ya kahawia, bila jeupe hata moja.

"Manne?" Mama alishangaa. "Kuku wawili?"

"Wamejitahidi."

"Weupe hutaga meupe, wanene hutaga ya kahawia," alisema Baba. "Rangi haidanganyi." Akachonga alama nne mlangoni mwa banda.

Mama alilalamika tu kwamba majani ya chai yanaisha haraka siku hizi.

Siku ya saba wanene walitangazwa washindi, na Bibi akaamua kuwapongeza kwa kukaanga mayai yao. Aligonga yai kwenye ukingo wa kikaango. Halikumwagika. Akagonga tena. Akalimenya taratibu, akaliinua juu, gumu, linang'aa.

"Mwanangu," alimwambia seremala, "kuku wako wanataga mayai yaliyoiva."

"Labda ni joto la banda," Karani alisema. "Baba amelijenga vizuri sana."

Baba alishukuru.

Mama alinusa ganda. "Chai."

Bibi aliutazama mkono wa Karani. Vidole vilikuwa vya kahawia hadi kwenye kiungo cha pili. "Mjukuu wangu, sema mwenyewe, au tuviulize vidole."

Karani alisimama juu ya gunia. "Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mayai tisa yalikuwa ya weupe. Niliyachemsha kwenye majani ya chai. Matatu mengine yanakauka ndani ya soksi." Alimgeukia Mama. "Weupe ndio walioshinda, Mama. Lakini mimi siokoti tena kuku aliyeganda. Mkiwanunua, asubuhi mtafungua banda wenyewe."

Kikaango kilianza kutoa moshi. Mama alikiepua.

"Tununue hao wavaa suruali," alisema. "Mayai machache hayajamuua mtu."

Bibi alilitia yai chumvi, akalila.

"Soksi za nani?" Baba aliuliza.

"Zako," Karani alikiri. "Zile za harusini."