Kitanda Kilichovuka Mpaka

Mvua ilikuwa imekatika tangu jana, lakini ndani ya nyumba ya akina Nygaard ilikuwa bado inanyesha. Ndivyo zilivyokuwa nyumba za mabonge ya udongo kule Nebraska mwaka 1887: paa lilikunywa maji siku moja, likayatapika siku tatu.

Gunhild Nygaard alisimama mlangoni, buti zimejaa tope mpaka kwenye vifundo. Alikuwa ametoka kumzalisha mke wa jirani, siku mbili hakulala. Hakusalimu. Alikuwa anakitazama kitanda chake.

"Nani amekisogeza?"

"Mimi, wifi," alisema Corinne. "Matone yalikuwa yanakidondokea. Godoro limelowa hadi majani ya ndani. Nikakivuta huku penye jiko, ukirudi upate joto."

"Usiniite wifi. Hakuna aliyekuoa humu." Gunhild alikanyaga kamba iliyopita katikati ya sakafu, akaisugua kwa kisigino. "Na hii uliionaje? Pambo?"

Corinne alijua kamba ile ni ya mpaka, ila alidhani ni mambo ya kaka na dada tu. Sasa ndipo alipoambiwa, tena kwa kufokewa. Mashariki ya kamba ni shamba la Eilert, kaka yake Gunhild, magharibi ni la Gunhild. Serikali ilimpa kila mmoja ardhi kwa sharti aishi juu yake miaka mitano, kisha jirani aape mbele ya karani kwamba kweli alilala kwake. Kwa kukosa uwezo wa kujenga nyumba mbili, walijenga moja juu ya mpaka, kila mtu akalala kwake. Jiko liliangukia kwa Eilert. Miaka mitano kasoro siku tisa, Gunhild alilala chini ya matone amejigubika turubai, na kitanda hakukihamisha hata shubiri.

"Nani kaingia humu?"

"Bwana Pruitt tu. Juzi, kuazima msumeno. Eilert alikuwa shambani."

"Pruitt! Shahidi wangu mwenyewe! Mtu aliyeimezea mate ardhi yangu tangu nilipoipiga jembe la kwanza!"

Kwao Corinne kulikuwa uwanda uleule, zaidi ya miaka mia moja na thelathini mbele. Alishuka handaki la bibi yake kukimbia tufani, akapanda na kutokea hapa. Na tangu hapo alikwenda na kurudi kwa handaki hilo kwa ajili ya Eilert, akiacha bomba la maji moto na mkate uliokatwa tayari, aje kusokota nyasi za kuwashia jiko hadi viganja vinatoka damu. Na kule kwao, mahali hapa paliitwa Shamba la Pruitt. Alipapita kila siku akienda shule. Hakuwahi kuuliza Pruitt alipapataje.

Mchana Pruitt alirudisha msumeno. Eilert naye alikuwa ameingia, kofia mkononi.

"Pole, Bi Gunhild," alisema Pruitt, macho yakitambaa sakafuni. "Wakiniuliza mbele ya karani kama unalala kwako, nitasema nilichokiona. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Mbwa wewe," alisema Gunhild.

"Mbwa mwenye macho."

Eilert aligeuza kofia yake, akaigeuza tena. "Jirani, tuzungumze kama watu..."

"Mwache aseme," alidakia Corinne. "Mimi pia nitakwenda kuapa. Nitasema Bwana Pruitt alikijuaje kitanda cha mwanamke asiye na mume. Nitasema aliingia Eilert hayupo, akakaa juu yake, akanipigapigia godoro nikae naye."

"Mwongo!" Pruitt aliwiva kama kiazi sukari. "Sikuvuka hata jiko!"

"Mkeo Idella ataamini lipi? Na mchungaji?"

"Utajivua nguo mbele ya wilaya nzima?"

"Mimi sina jina la kupoteza hapa, baba. Wewe unalo."

Pruitt alitazama mmoja mmoja. Aliutupa msumeno juu ya meza, meno ya chuma yakalia. "Nitaapa kwamba analala kwake," alisema. "Na huyu kahaba wenu msimlete kanisani." Akatoka.

Gunhild alikamata ncha ya kitanda. "Shika kule!" Wakakiburuza na Corinne mpaka magharibi, chini ya matone.

Eilert hakuwasaidia. Alikuwa bado amesimama palepale.

"Corinne," alisema taratibu. "Alikaa?"

"Nini?"

"Juu ya kitanda. Pruitt. Alikaa?"

Corinne aliutazama uso ule ambao kwa ajili yake aliuacha ulimwengu mzima. Hakukuwa na mzaha ndani yake. Kwao, uongo kama ule ungechekwa kabla chai haijapoa. Hapa ulikuwa umekwisha kuingia kichwani mwa mtu, na utakaa humo kila Pruitt atakapopita na mkokoteni wake, kila Corinne atakapochelewa kisimani.

Alichukua koti lake.

"Nimekuuliza tu!" alisema Eilert.

"Ndiyo. Umeuliza."

Aliuvuka uwanja wa tope, akainua mlango wa handaki. Nyuma yake alimsikia Gunhild akifoka, sauti inapasuka:

"Mfuate, bwege wewe! Amenipa shamba langu! Mfuate!"

Corinne alishuka ngazi tatu, akangoja mlango ukiwa wazi juu ya kichwa chake. Hakusikia buti. Akaufunga mwenyewe.