Buluu ya Duka la Abdulatif

Kalondu alipoiona ile rangi, alijua ameisha.

Robota la kitambaa lilikuwa limefika asubuhi hiyo kutoka Kitui, limeshonewa gunia pande zote, na akina mama wa kanisa la Migwani walikataa katakata lifunguliwe kabla ya ibada. Walitaka walifungue wote pamoja, uani, kwa nyimbo. Walikuwa wamechanga muda mrefu kwa ajili ya sare mpya za mkutano wa akina mama wa wilaya. Wengine walitoa kuku, wengine vibaba vya ndengu, wengine walitoa ahadi, na hata ahadi zilipokelewa. Kalondu, mwenyekiti wao, alishika wembe, akakata uzi, akafunua gunia. Wimbo ukakatikia katikati ya ubeti, maana kitambaa kilikuwa cha zambarau.

Asiye wa Migwani atauliza zambarau ina ubaya gani. Ni swali la mtu mwenye akili timamu. Lakini kanisa lile lilikuwa limepasuka. Wazee waligombania ufunguo wa ofisi, ufunguo wa kufuli la bei rahisi, na nusu ya waumini wakatoka, wakajijengea kanisa la mabati ng'ambo ya barabara. Huku na huku waliimba nyimbo zilezile kutoka kitabu kilekile. Kilichowatenganisha machoni ni vitambaa vya kichwa vya akina mama: waliobaki walifunga buluu, waliotoka wakafunga zambarau. Tangu hapo mtu aliangalia kichwa kwanza, ndipo aamue kama atasalimia. Watu wazima wenye wajukuu! Na kila upande uliamini kwamba Mungu naye anatazama vichwa.

Mutindi, dada yake Kalondu wa tumbo moja, alikuwa wa zambarau.

"Hii ni ya wale," Mbinya alisema. Mbinya ndiye aliyekuwa mweka hazina, na aliwahi kugombea uenyekiti akaangushwa na Kalondu, jambo ambalo alisema amelisamehe, tena alilisema mara nyingi mno. "Ametununulia sare ya wale na pesa yetu."

"Mimi nilichagua buluu," Kalondu akasema. "Niliiona na haya macho yangu."

"Ulienda na nani?"

"Si nilikuambia twende ukasema goti inakuuma?"

"Kwa hivyo ulienda peke yako." Mbinya akawageukia wenzake. "Mnasikia? Peke yake. Na dada yake wako naye damu moja."

Hakuna aliyemtetea. Hilo ndilo lililomchoma Kalondu kuliko maneno ya Mbinya. Wanawake aliowapikia walipojifungua, aliowafundisha sauti ya pili na ya tatu, walitazama chini kana kwamba wameangusha sindano.

Ukweli ulikuwa hivi. Mwanamke wa huku hanunui kitambaa ndani ya duka. Hukipapasa, hukivuta, kisha hukibeba hadi mlangoni akakitazame juani, huku mwenye duka akimchunga kwa jicho moja asije akapotea nacho. Ndivyo Kalondu alivyonunua kwa Abdulatif, mwenye duka Kitui, miaka yote, na kabla yake mama yake alinunua hivyo kwa baba yake Abdulatif. Lakini mwaka huo Abdulatif alikuwa ameleta kompyuta. Tajiri wa jumla wa Mombasa alikuwa ameacha kutuma vipande vya sampuli. Alituma picha za vitambaa kwenye disketi, na Sauda, binti yake Abdulatif aliyekuwa amesomea mambo hayo, alibonyeza, na vitambaa vikapita kimoja baada ya kingine kwenye kioo cha kompyuta.

"Sasa hii nitaibeba mpaka mlangoni namna gani?" Kalondu alikuwa ameuliza siku ile, wakacheka. Hata hivyo alijitahidi. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakisogeza karibu na kioo, akalinganisha. Buluu kwa buluu, hazikuachana hata kidogo. Akataja namba yake, Abdulatif akaagiza.

Jioni ya siku ya robota, kamati ya kanisa ilikaa. Kalondu hakuitwa. Aliletewa uamuzi nyumbani na Pasta Muthama mwenyewe, mtu mpole wa maneno na mgumu wa maamuzi. Alikuwa ametengwa. Angekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, asishiriki meza ya Bwana, asiongoze wimbo, mpaka siku atakaposimama mbele ya ushirika na kutubu.

"Nitubu nini, Pasta?"

"Mama Muthoki, moyo wako unajua."

Mama Muthoki. Alimwita kwa jina la bintiye; asubuhi alikuwa bado Mama Mwenyekiti. Kalondu hakuizuia hasira yake.

"Moyo wangu unajua nilichagua buluu. Twende Kitui, Pasta. Wewe na Mbinya. Hiyo picha bado iko kwa mashine. Mkiona zambarau, nitatubu na magoti, tena sokoni, siku ya soko. Na mkiona buluu?"

Pasta alikubali kwenda.

Walimkuta Abdulatif amefungua redio kwa sauti kubwa. Alikuwa na spika moja nyeusi, pana kama kreti ya soda, ameiweka juu ya meza ileile ya kompyuta, ubavuni kabisa upande wa kulia, ielekee barabarani iwaite wateja. Alipoona sura za wageni wake aliizima redio, akaagiza chai. Mbinya alikataa chai. Kalondu alitoa kipande cha kitambaa mkobani, akakitupa juu ya kaunta.

"Niliagiza hii?"

Abdulatif alikitazama, akatazama karatasi iliyokuja na robota. "Namba ndiyo hii uliyoichagua, mama. Sauda, hebu ifungue."

Sauda akabonyeza. Kitambaa kikatokea kwenye kioo, namba ileile chini yake, na kilikuwa buluu.

"Mnaona?" Kalondu alipiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka. "Mnaona sasa? Semeni tena! Semeni mbele ya hawa watu!"

Pasta aliinama, akavaa miwani, akakubali kwamba ni buluu. Mbinya hakukubali. "Wamebadilisha picha," akasema. "Huyu aliwapigia simu wakaibadilisha."

"Simu gani? Ya Migwani, imekufa tangu mvua?" Kalondu akamkata.

"Mama," Abdulatif akamwambia Mbinya, na sauti yake ilikuwa imepoteza ukarimu wote, "mimi nimerithi duka hili kwa marehemu baba yangu. Hatujamdanganya mtu rangi, wallahi, si yeye wala mimi. Sauda, iweke hiyo picha kando, uwafungulie ile buluu nyingine walinganishe wenyewe."

Sauda akaisogeza picha kutoka kulia kwenda kushoto. Ilipofika katikati ya kioo, wote waliinama waione. Nusu ya kitambaa iliyotangulia ilikuwa zambarau. Nusu iliyobaki nyuma ilikuwa buluu. Sauda aliirudisha kulia, ikawa buluu yote. Akaisukuma kushoto, ikawa zambarau yote. Kitambaa kilikuwa kimoja na namba ilikuwa moja.

"Mashetani," Mbinya alinong'ona.

"Si mashetani," Sauda akasema. Alikuwa ameiangalia spika, akakunja uso. "Baba, ni spika yako. Ndani ina sumaku. Chuoni walituambia tusiweke sumaku karibu na kioo, inavuruga rangi. Mimi nimezoea kuiona hapo, sikuifikiria."

Akaizima kompyuta. Abdulatif akaikumbatia spika, akaipeleka hadi kwenye marobota ya kanga upande wa pili wa duka. Kompyuta ilipowashwa tena, kioo kilitoa mlio, ngo, kikatetemeka, kikatulia. Kitambaa kilikuwa zambarau kutoka pembe hadi pembe, zambarau ileile iliyokuwa juu ya kaunta. Pasta mwenyewe alitaka spika irudishwe, na ilipokaribia meza, buluu ikaanza tena kuingia upande wa kulia. Akataka iondolewe, kisha irudishwe tena. Jasho likamtoka Abdulatif kwa kumfurahisha mchungaji wa watu.

"Kosa ni langu," Abdulatif akasema alipoitua spika kwa mara ya mwisho. "Nalichukua robota langu, nawaletea buluu, na nauli ni juu yangu. Na Pasta ukitaka, nitakuja Migwani niwaambie watu wako kwa mdomo wangu."

Ni watu wangapi wangesema vile? Kalondu alimshukuru, akamgeukia Mbinya, akangoja. Mbinya alikuwa ameona ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

Walipokuwa wakirudi kwa matatu, Pasta ndiye aliyeanza. Alisema Mungu ni mwema, jambo limejulikana, na Kalondu ajiandae Jumapili kusimama mbele ya ushirika, aombe radhi, ili arudishwe.

Kalondu alidhani hakusikia vizuri. "Niombe radhi ya nini?"

"Ya yaliyotokea."

"Yalitokea kwa spika. Mwambie spika iombe radhi."

"Mama Muthoki, kanisa ina utaratibu. Ulitengwa mbele ya watu, utarudishwa mbele ya watu. Hakuna mlango mwingine. Ni maneno mawili tu."

"Na wale walioniita msaliti mbele ya watu, wao watasema maneno mangapi?"

Pasta aliangalia dirishani. Mbinya akasema, kwa upole wa mtu aliyeshinda, kwamba mashine ilikosea, sawa, lakini mwenyekiti mwangalifu angengoja aone kitambaa chenyewe, na unyenyekevu haujawahi kumuua mtu. Kalondu alijua akifungua kinywa, yatakayotoka yatamstahilisha kweli benchi la nyuma.

Buluu ililetwa, ikagawanywa, ikashonwa. Kila kitu kilirekebishwa isipokuwa yeye. Wanawake walewale walianza kumsalimia sokoni kwa sauti tamu, wakimnong'oneza: "Si useme tu, mama, tuendelee? Mkutano umekaribia, na sauti ya kuongoza hatuna." Waliijua kweli yote. Pasta aliwaambia. Walichotaka ni amani, na bei ya amani yao ilikuwa yeye aungame asichokifanya. Alirudi nyumbani akachanja kuni ambazo hazikuhitajika.

Hapo ndipo Mutindi alipokuja. Alisimama nje ya ua, kitambaa cha zambarau kichwani, hakujua kama ataruhusiwa kuingia. Tangu kanisa lipasuke walikuwa wakipishana njiani kama wageni.

"Mwiitu wa mwaitu," alimwita, kama walivyoitana walipokuwa wasichana, yaani binti ya mama yangu. "Nimesikia. Wamekufanyia vibaya. Njoo kwetu. Si sare tayari uko nayo?"

Kalondu alicheka, na kicheko kikamgeukia machozi, akayafuta kwa hasira. Alimkaribisha, akamkalisha, akampa uji. Kisha akamwambia.

"Siji, Mutindi. Nikivuka hiyo barabara, Mbinya atasema alijua tangu mwanzo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nikija kwenu nitakuwa nimemwongezea njia."

"Basi omba hiyo radhi ukae na watu wako."

"Nikiomba, nitakuwa nimesema nilifanya. Muthoki ataolewa akiambiwa mama yake aliuza kanisa."

"Sasa utafanya nini? Huku hutaki, huku hutaki."

"Nitakaa pale waliponiweka."

Mutindi akatikisa kichwa, akamaliza uji. Alipoondoka alimkumbatia mbele ya njia, watu wakiona, na Kalondu hakujali nani anaona.

Robota liliporudishwa Kitui, Kalondu alikuwa amezuia kitambaa cha zambarau cha gauni moja. Fungu lake alikuwa amelichangia kama wengine, na kama alihukumiwa kwa zambarau, basi waione. Alikipeleka kwa fundi, akataka mikono mirefu, akataka na kola.

Jumapili iliyofuata akina mama waliingia kwa mistari, buluu mpya, mbichi, inayonukia duka. Kalondu aliingia wa mwisho. Akaketi benchi la nyuma, karibu na mlango, zambarau kutoka shingoni hadi vifundoni, peke yake. Shingo zikageuka safu baada ya safu. Kwaya ilianza wimbo chini mno, ikapotea kwenye kiitikio, na moyo ulimuuma Kalondu, maana aliupenda ule wimbo na alijua pa kuushika. Alifunga mdomo wake. Kutoka mimbarini Pasta hakuwa na pa kuangalia: kila alipoinua macho kwenye Biblia, yalikwenda kutua kulekule nyuma.

Mwishowe akaifunga Biblia, akashuka ngazi moja. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza.

"Yuko mmoja wetu aliye mbali. Leo ni siku njema. Kama yuko tayari kurudi, asimame tu. Hata asipoongea sana, asimame. Tutaelewa."

Kalondu akasimama.

Pumzi ikawatoka watu wote kwa pamoja. Mama mmoja alianza kupiga vigelegele. Mbinya akafumba macho, akainua mikono. Pasta alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya robota, akanyoosha mkono.

"Asante, Mama Mwenyekiti. Ongea."

"Sina maneno, Pasta," Kalondu akasema, kwa sauti ileile iliyozoea kuongoza nyimbo, isiyohitaji kipaza sauti. "Benchi yenu ni ngumu. Nimesimama kunyoosha mgongo. Endelea na ibada."

Alijinyoosha taratibu, hakuharakishwa na mtu. Kisha akaketi, akaitandaza zambarau yake vizuri magotini, akamkazia macho Pasta mpaka Pasta akainama.