Uhuru wa Rejareja

Katika nyumba ya Mama Fundi, jambo lolote kubwa liliamuliwa kwa vifungo. Marehemu mumewe ndiye aliyeanzisha mtindo huo: kila mtu alipewa kifungo cheupe na kifungo cheusi, akatumbukiza kimoja kwenye kopo kwa siri, cheupe kukubali, cheusi kukataa. Mama Fundi mwenyewe hakuwahi kutumbukiza. Yeye alihesabu. Mumewe alisema mwenye kuhesabu asiwe na upande, na kwa kuwa vifungo vilikuwa vyake, kazi ikamwangukia, akaifanya miaka arobaini bila kukosea hata kimoja.

Kwa vifungo hivyo hivyo watoto wake watatu walikuwa wamemstaafisha. Miezi minane nyuma aliteleza kwenye ngazi ya kibaraza alikoshonea, mtaa wa tatu kutoka nyumbani, goti likavimba kama boga. Watoto wakapiga kura kama mama apumzike. Vyeupe vitatu. Akavihesabu mwenyewe, akatangaza matokeo mwenyewe. Kisha wakamnunulia kiti kikubwa cha sponji, kiti cha upendo kabisa, kilichommeza hata asiweze kuinuka bila kuvutwa na mtu. Goti lilipona ndani ya miezi miwili. Kura haikupona.

Sasa alitaka kurudi kwenye cherehani yake, basi. Alikuwa amelisema mara tatu, na mara tatu kopo likazunguka, na mara tatu akahesabu vyeusi vitatu. Hakuwakasirikia. Aliona jinsi Nesi, binti yake, alivyomfunika miguu kabla ya kwenda zamu, na jinsi Dereva, kitinda mimba wake, alivyozima redio akidhani mama amelala. Ila mikono yake ilikuwa imeanza kukunja pindo za mapazia bila kutumwa.

Jumamosi moja asubuhi, wote wakiwa nyumbani, pakabishwa hodi. Aliingia mwanamke wa makamo, mkoba begani, viatu vipya vinavyomtafuna visigino.

"Mimi ni karani wa ofisi ya upimaji wa uhuru," alisema. "Nyumba hii imechaguliwa kuiwakilisha nchi."

Mwalimu, mtoto wa kwanza, aliyekuwa akifundisha jiografia, alisimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa.

"Nyumba hii na nyingine ngapi?" aliuliza.

"Hii tu. Zamani tulihoji nyumba elfu tisa, majibu yakagombana. Tukawa tunapunguza. Nyumba moja haigombani."

"Hujatujua bado, dada," alisema Dereva.

Mama Fundi alimwomba karani avue viatu, aketi, anywe chai. Viatu alivua. Chai alikataa; kanuni ilisema mpimaji asipokee kitu kutoka kwa anayempima.

"Sikupi, mwanangu," alisema Mama Fundi, akamwashiria Nesi aweke kikombe mezani. "Kimekaa tu hapo. Chai nayo ina uhuru wake."

Karani akafungua fomu. "Swali la kwanza. Uhuru ni nini? Maneno yasizidi manne."

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Kwanza tuseme ukweli," alianza Mwalimu. "Sisi ni wa sitini na mbili kwa uhuru duniani. Majirani zetu ni wa sitini na moja." Alilisema kwa uchungu wa mtu aliyeporwa shamba. "Mvua yao ndiyo yetu, barabara yao ndiyo yetu, nzige wao ndio wetu. Wametuzidi nini?"

"Benchi," alisema Dereva.

"Benchi gani?"

"Pale mpakani, kaka. Upande wetu unasubiri muhuri umesimama. Upande wao kuna benchi. Mimi navuka na lori kila wiki, makalio yangu ndiyo mashahidi."

"Kwa hiyo uhuru ni benchi?"

"Subiri saa sita juani, halafu uniulize tena."

Karani aliandika, akahesabu kwa vidole. "'Kusubiri muhuri umekaa.' Matatu. Linabaki moja."

"Futa hiyo!" Mwalimu aliruka. "Dada, usituaibishe mbele ya ulimwengu. Chukua nchi iliyo ya kwanza kwenye orodha. Kule raia anamtukana mkuu wa nchi asubuhi, mchana anapumzika, jioni anaendelea. Hakuna anayemgusa."

"Hakuna anayemgusa ndiyo," alisema Nesi. "Nilikaa na wauguzi wa kule kwenye mafunzo. Mzee anafariki ndani, jirani anagundua wiki ya tatu."

"Huo nao ni uhuru. Kutosumbuliwa."

"Basi makaburini ndiko kwenye uhuru kamili, maana huko husumbuliwi hata na mbu."

"Na kule kupiga honi ni kosa," Dereva aliongeza. "Unaweza kumtukana rais, lakini honi huwezi. Mimi rais sina haja naye. Honi ninayo haja."

Mama Fundi alicheka hadi kiti kikamzamisha zaidi. Nesi akaja, akamnyanyua mabega, akampangia mto, akarudi kubishana. Karani aliangalia hilo, na bila kujijua akachukua kikombe, akapiga mafunda mawili.

Swali la kwanza wakaliacha wazi. La pili hadi la sita walijibu wakifokeana. Ndipo karani akafika la saba.

"Je, katika nyumba hii kuna mtu mzima anayezuiwa kwenda atakako?"

"Hakuna!" walijibu watatu kwa sauti moja.

Karani alimgeukia aliyezama kitini. "Na wewe, mama?"

Mama Fundi alifungua kinywa. Mwalimu akamuwahi.

"Hapa kwetu mambo hayaamuliwi na mtu mmoja. Tutapiga kura kama mama yuko huru."

Kopo likaja. Kila mmoja akageuka upande, akatumbukiza, na Mama Fundi akalimimina mapajani, akavipanga kwa kidole kama alivyozoea.

"Vyeupe vitatu," alitangaza. "Niko huru."

"Hongera, mama!" alisema Dereva, na alimaanisha.

"Asante, baba. Basi nivute niende kazini."

Dereva alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mfukoni.

"Aa, mama," alisema Mwalimu taratibu. "Kwenda kazini ni jambo lingine. Hilo tulishalipigia kura. Uko huru... kwa jumla."

"Kwa jumla?"

"Ndiyo. Kwa ujumla wake."

"Huo wa jumla kaeni nao nyie, mna pa kuuweka. Mimi nipimieni wa rejareja. Saa tatu mpaka saa tisa, Jumapili napumzika."

Dereva aliangua kicheko, dada yake akamfinya. Macho ya Nesi yalikuwa yamelowa.

"Mama, si ubaya. Siku ile niliposikia umeanguka nilikimbia na sindano ya mgonjwa mkononi. Sitaki kukimbia vile tena."

"Najua, mwanangu. Uliniosha mguu ule siku arobaini, sikusahau hata moja. Lakini goti limepona na wewe bado unachechemea." Akamnyooshea Mwalimu mkono. "Leo nipeni na mimi vifungo viwili."

Mwalimu alishtuka kama ameambiwa jua lichomoze jikoni. "Wewe? Nani atahesabu?"

"Ahesabu mgeni."

"Kanuni hairuhusu," alisema karani kwa huzuni.

"Umeona?" alidakia Mwalimu. "Tena hata ukipiga, ni vitatu kwa kimoja. Wengi wape, mama."

"Wengi nimewapa," alisema Mama Fundi, wala hakupandisha sauti. "Nimewapa maziwa, nimewapa mgongo, miaka arobaini nimewapa hesabu ya haki hata iliponikata mwenyewe. Miguu hamjaiomba. Nimebaki nayo."

Akajaribu kuinuka. Kiti kikamrudisha. Akajaribu tena, kikamrudisha. Watoto walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake, kwa maana kumvuta kulikuwa ni kuvunja kura.

Karani alisimama peku. "Kanuni inasema nisibadilishe hali niliyoikuta," alisema. Akatazama kikombe. Kilikuwa kitupu. "Lakini chai nimeshakunywa. Nimeshaharibu." Akampa mkono, akavuta.

Mama Fundi alitoka vile vile na kanga yake ya nyumbani. Hatua kumi nyuma yake wakatoka wote. Nesi alibeba kigoda na bendeji. Mwalimu alikwenda katikati ya barabara akisimamisha baiskeli kwa rula ndefu ya darasani. Dereva aliwasha lori, akalileta nyuma ya mama yake kwa mwendo wa konokono, taa za hatari zikiwaka. Mwisho alichechemea karani, viatu miguuni tena, fomu juu ya mkoba, akijaribu kuandika.

"Ni nani huyo anapita?" muuza magazeti aliuliza.

"Raia huru," alisema karani.

"Mbona analindwa hivyo?"

Mama Fundi akageuka. "Mwalimu, acha watu wapite, wana kwao. Nesi, kigoda ninacho kule. Rudini."

"Tupige kura," alisema Mwalimu.

"Pigeni. Mimi sihesabu."

Jambo dogo tu, lakini hawakuwahi kulifikiria hilo. Wakasimama wakitazamana barabarani, vifungo nyumbani, mhesabuji akiondoka, na hakuna aliyejua kura isiyohesabiwa na mama inaamua nini. Alipokata kona walikuwa bado wamesimama.

Alipanda ngazi akishika ukuta, kidato kimoja, cha pili, cha tatu. Mshona Mifuko, shoga yake aliyekaa naye kibarazani tangu wote wakiwa wasichana, alimsogezea kigoda. Kisha akavuta nguo iliyofunika cherehani. Gurudumu lilikuwa limetiwa mafuta, na si jana tu.

Karani alifika akihema. "Mama, swali la saba nijaze nini? Wanangoja namba, wale majirani wametuzidi kwa moja."

"Fomu yako haina mahali pa mtu asiyekuwepo nyumbani?"

Karani alipekua hadi ukurasa wa nyuma kabisa, uso ukamng'aa. "Kipo! Kisanduku cha 'ametoka'. Hakijawahi kujazwa." Akaweka alama, akaanguka saini. "Itabidi nihoji nyumba nyingine. Nitaanza na ya jirani."

"Jirani ana mbwa. Kaa kwanza visigino vipoe."

Karani alikaa, safari hii bila kutaja kanuni. Mama Fundi akatunga uzi, akakosa tundu mara mbili, mara ya tatu ukapita. Mshona Mifuko alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Lori lilikuwa limeegeshwa pale, na Dereva amechuchumaa kando ya tairi zima, akijifanya analikaza, jicho likija kibarazani kila baada ya muda.

"Nimfukuze?" aliuliza Mshona Mifuko.

"Mwache akae," alisema Mama Fundi, akaanza kukanyaga pedali. "Naye ni mtu huru."