Shuka Katikati ya Mashua

Mkaza mwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake. Hamtaji jina, hasemi naye, na wakikutana njiani mmoja ataingia vichakani. Mchungaji alikuwa amehubiri wee kwamba Wakristo wayaache hayo, watu wakaitikia amina, kisha wakarudi makwao kuendelea kukwepana. Yotamu naye aliitikia amina.

Sasa uchungu ulimshika mkaza mwana wake Ikupa, mtoto hashuki, na mumewe Ande yuko Chunya anachimba dhahabu ya watu. Zahanati iko Matema. Barabara hakuna, milima imeshuka mpaka ziwani. Kilichokuwapo ni mashua ya Yotamu, ile anayouzia vyungu. Angefanyaje? Mkewe Sekela akatundika shuka katikati, Ikupa akalazwa mbele, Yotamu akashika usukani nyuma, wakaenda wakiambaa pwani ya Nyasa huku joto likiwachoma.

Jioni ilipokaribia, mwera ukaanza kuvuma. Pwani ile ni majabali matupu, na upepo ule ukikukuta hujatia nanga, umekwisha. Yotamu aliijua kila ghuba, maana alishalala katika zote. Ya karibu ilikuwa shwari kabisa, ila mchanga wake ni mdogo kama ua wa nyumba. Wote watatu wangelala macho kwa macho. Ya mbele ilikuwa na fukwe mbili, mwamba katikati.

"Mama Ande, tulale hapa," alisema Yotamu. "Ziwa linachafuka."

Sekela aliingia nyuma ya shuka, wakanong'ona huko. Akatoka ameinamisha uso. "Mwenzio hataki. Anasema kuzaa mbele yako afadhali afe. Anaomba twende kule kwenye fukwe mbili."

Yotamu angeweza kukataa. Nahodha ni yeye, baba ni yeye. Lakini aibu ilikuwa imemjaa na yeye, mzee mzima, na kinachoudhi ni kwamba alifurahi kuombwa. Akaipita ile ghuba.

Hawakufika. Walikuta mawimbi yanapasuka mlangoni mwa ghuba ya pili, hapaingiliki, na kurudi walikotoka ni kupigana na upepo. Akatupa nanga palepale nje. Kwa kudra ya Mungu ikashika, lakini mashua ilipepetwa kama mahindi kwenye ungo.

Yotamu akakaa amegeuka nyuma, anakumba maji yanayoingia, anamsikia Ikupa akilia. Hakuwa na la kufanya. Aliomba, akasahau maneno, akaanza tena.

"Baba Ande, njoo umshike mabega," Sekela aliita. "Anarushwa huku na huku, mimi peke yangu simuwezi. Mtoto yuko mlangoni. Amebakiwa na nguvu ya kusukuma mara moja tu."

Yotamu alisita. Alisita mno. Kisha akalivuta lile shuka likang'oka, akatambaa mpaka kichwani pa Ikupa, akamshika mabega.

"Sukuma, mwanangu," alisema. Hakuwa amewahi kumwambia neno kabla ya hapo.

Ikupa akafumbua macho, akauona uso wa baba mkwe wake juu ya uso wake. Ile nguvu aliyobakiwa nayo akaikusanya yote mikononi, akavuta kanga, akajifunika uso, akageukia mbao za mashua.

Mabega yakalegea mikononi mwa Yotamu, na pumzi ikakatika. Sekela, ambaye hakuwa ameona, aliendelea kumwambia asukume.