Kiwanda Hakikuugua

Mdogo wangu ndiye msoma habari wa redio, na ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Asubuhi ile nilitamani awe bubu.

Wafanyakazi wote wa kiwanda cha soksi tulikuwa tumekaa langoni, tumebanana hadi barabarani. Tajiri alikuwa amefunga ili ahamishie mashine kwenye kiwanda chake kingine, ambako mishahara ni midogo zaidi. Zikitoka tu, kazi ndiyo basi tena. Kwa hiyo tuliapa lori la kuzibeba halipiti. Mimi, fundi wa mashine hizo, sikukaa wala sikusimama, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mpishi wa kantini akaongeza sauti ya redio. Mdogo wangu akasoma, taratibu, kwa huzuni: "Kiwanda kikongwe cha soksi kimekata roho jana, baada ya kuugua kwa muda mrefu."

Mpishi akashika tama. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Watu wakaitikia. Hata waliokuwa wakimtukana tajiri wakaanza kukumbushana mema ya kiwanda.

"Jamani, kimeugua lini? Juzi tu tumefanya ovataimu!" nikafoka.

"Usikufuru, dada. Siku zikifika zimefika," mpishi akanionya.

Nikampigia mdogo wangu simu. "Nani kakwambia kimekufa? Kimefungwa! Na aliyekifunga unamjua!"

"Dada, ni lugha tu ya kunogesha habari."

"Imenoga mpaka watu wanainuka! Sema tajiri kakifunga."

"Nitarekebisha kwenye habari za saa saba."

Saa saba! Wenzangu walishaanza kuondoka wawili wawili, wakipeana mikono. Huyu nikamshika mkono, yule shati. "Aliyekufa harudi," waliniambia, kwa upole ulionitia wazimu.

Saa saba mdogo wangu alitimiza ahadi, akataja tajiri na akataja mashine. Nani wa kusikia? Langoni tulibaki wachache, na walinzi walikuwa wametusogeza kando kama viti. Lori lilishaingia.

Lilitoka na mashine zangu zimefunikwa turubai. Nilikuwa nimeshaandaa tusi. Dereva alipotufikia akapunguza mwendo, akavua kofia.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," tukajibu sote, na sauti yangu ilikuwemo.