Mchuzi wa Magegedu

Safi alifanya kazi katika labo moja ya Uvira, maabara ya kutafuta dawa, na kazi hiyo ilianzia mikononi mwa baba yake. Mzee Sadiki, mchinjaji wa Luberizi, kila Jumatatu alimtumia kwa pikipiki magegedu ya ng'ombe, ile mifupa laini ya bega, yakiwa ndani ya barafu. Safi aliyasaga, akayaloweka katika maji ya chumvi, akachuja na kuchuja tena mpaka akabakiwa na protini kidogo tu. Hizo alizipeleka Bukavu, ambako wenzake walizijaribu juu ya seli za kansa.

Mwaka wa pili, uvimbe ukamtokea mzee shingoni. Daktari akasema ni kansa, ikatwe mapema. Mzee akaitikia, akarudi nyumbani, asirudi tena hospitali.

Mwezi mmoja baadaye Safi alimtembelea, akakuta sufuria inachemka. Akafunua: magegedu matupu.

"Baba, hii ni nini?"

"Dawa yako, mama," mzee alijibu akitabasamu. "Mwezi muzima niko nakunywa. Kisu cha nini, na mutoto wangu iko anatengeneza dawa?"

Safi aliketi mkekani.

"Baba, tumbo linasaga hiyo protini sawa na nyama yoyote. Na ile yangu haijaingia mu mwili wa muntu hata moja. Pengine miaka kumi, pengine hapana. Miye siwezi kukungojesha."

Mzee aliitazama sufuria. "Nilikuamini weye kuliko daktari."

"Basi niamini na sasa."

Mzee akaiepua sufuria kwa mikono yake mwenyewe.

Walikwenda Bukavu pamoja. Siku ya tatu baada ya upasuaji, Safi akimnywesha uji kwa kijiko, wenzake waliokuwa wakizijaribu zile protini walipiga simu. Safi alisikiliza, akaanza kulia mbele ya wagonjwa wote.

"Zile seli zimekufa?" mzee alinong'ona.

"Hapana. Zimepunguza kukua. Mu kisahani ya labo tu, baba."

"Mu kisahani." Akamshika mkono, akaelekeza macho kwenye kitanda cha pili. "Yule mama iko na watoto wadogo. Ukimaliza, anzia kwake."

Safi alimfuta uji kidevuni.

Uvimbe haukurudi, lakini sauti, iliyoguswa na kisu, nayo haikurudi yote. Huko Luberizi wanunuzi wa nyama wamezoea kusogea karibu ili wamsikie.