Skrini ya Pili

Justina alivuta stuli akaiweka ubavuni kwa fundi Marcelo, hata fundi akacheka.

"Dada, hapo nikikohoa tu umepata mafua."

"Fanya kazi, fundi."

Kompyuta ile ya kuchapia barua za watu ndiyo ilikuwa shamba lake katika duka lake dogo hapa Somanda. Ikifa, anarudi kijijini Kimali kuchunga ng'ombe. Tangu jana ilikuwa inawaka, inaleta picha ya mlima, basi. Pale pa kuandikia neno la siri hapaonekani. Limbu, mdogo wake mwenye kibanda cha video mtaa wa nyuma, alikuwa amemwonya mapema: "Usimwache peke yake, dada. Hao huchomoa vya ndani wakakuwekea vibovu." Kwa hiyo Justina hakupepesa macho.

Marcelo, ambaye ndiye aliyemwekea Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, alisogeza mshale kwenda kulia. Ukafika ukingoni, ukapotea. Akaurudisha, ukapotea tena.

"Andika neno lako la siri."

"Niandike wapi, na hapa hapana kitu?"

"Andika hivyo hivyo, kisha bonyeza Enter."

Mtu anayekuambia uandike pasipoonekana anataka nini, kama si kuona vidole vyako? Justina alifunika kibodi kwa khanga, akaandika humo chini jina la ng'ombe mweusi wa mama yao, yule aliyekufa na ukame. Kompyuta ikafunguka. Wasiwasi wake ukazidi. Huyu alijuaje?

"Kisanduku cha kuandikia kilikuwepo," Marcelo alisema, akifungua mipangilio ya skrini. "Kimekwenda kwenye skrini nyingine. Ona, mashine inahesabu skrini mbili, na ya pili ndiyo imefanywa kuu. Kama ng'ombe aliyeuzwa, jioni anarudi zizi la zamani. Uliiunganisha na TV?"

"Hata nyumbani sina TV."

Marcelo aligeuza boksi la kompyuta lililoegemea ukuta. Nyuma yake palikuwa pamechomekwa kipande cheusi cha kuunganishia waya wa TV, kimezungushiwa selotepu nyekundu.

"Hiki ndicho kinaidanganya kuwa kuna TV. Na aliyeifanya hiyo ya pili kuu aliingia mpaka ndani. Nani mwingine analijua neno lako?"

Justina alitaka kusema hakuna. Lakini ng'ombe yule walimkamua wawili tu. Na selotepu nyekundu aliijua. Waya zote za kibanda cha Limbu zimefungwa hivyo. Jumapili Justina alipokwenda kanisani, ufunguo wa pili wa duka aliuacha kwa mdogo wake, na bado anao.

Marcelo alichomoa kile kipande, akatoka kwenye akaunti, kisanduku kikaja katikati ya picha ya mlima.

"Nifundishe kubadili neno la siri," Justina alisema.

Alikuwa bado anaandika jipya Limbu alipoingia.

"Vipi dada, kachomoa nini?"

"Hicho hapo mezani."

Limbu alikitazama. Justina alisogeza khanga ikaziba kibodi upande wa mdogo wake. Upande wa fundi aliuacha wazi.

"Ufunguo wa duka uweke hapo," alisema, bila kuinua macho.